Kujihesabu: Somo Nililolipata Kati ya Nakivale na Mbarara

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake. Amma baad.

Fomu ya kujiunga na jumuiya yetu ina maswali matatu ambayo wengi wetu huyapita haraka: una nguvu gani, una udhaifu gani, na ungependa kujifunza ujuzi gani? Nilipoijaza nikiwa mwaka wa kwanza, nilitumia dakika mbili. Kwenye nguvu niliandika "bidii". Kwenye udhaifu niliandika "hasira kidogo". Kwenye ujuzi niliandika "kompyuta". Sikuwa na jibu hata moja la kweli. Mwaka uliofuata majibu yale yalinirudia, tena yaligusa fedha za Waislamu wenzangu. Nimeomba nafasi katika gazeti hili ili nieleze yaliyonipata, kisha tuangalie pamoja dini yetu inatufundisha nini kuhusu mtu kujijua.

Daftari lisilolingana

Mwaka wa pili nilipendekezwa kuwa mweka hazina. Amiri aliniuliza mbele ya watu, "Ndugu, umewahi kushika hesabu?" Nikajibu, "Insha'Allah nitaweza." Namwomba Allah anisamehe kwa insha'Allah ile, kwa sababu niliitumia kukwepa swali. Sikuwahi kushika hesabu za mtu yeyote. Hata fedha zangu za matumizi zilikuwa zikiisha katikati ya mwezi bila mimi kujua zilikokwenda. Lakini cheo kilinipendeza, na kusema "siwezi" kulinitia haya.

Ramadhani ikaingia, michango ya futari ikaanza kuja. Wengine walinipa mkononi baada ya Tarawehe, wengine walituma kwenye simu yangu. Nilinunua unga wa posho, maharage, sukari, tende na mkaa. Siku nyingine niliandika nyuma ya karatasi za somo, siku nyingine niliweka kichwani. Fedha zangu na za jumuiya zilikaa kwenye simu moja. Nilipopungukiwa nauli nilichukua humo nikisema nitarudisha kesho, na kesho yake nikasahau kama nimerudisha au la.

Baada ya Idi, shura iliomba hesabu. Shilingi 184,000 hazikuwa na maelezo. Nikasema, "Wallahi, sikuiba." Palikuwa na dada mmoja ambaye mchango wake wote ulitokana na mandazi anayouza hosteli. Aliinamisha macho, hakusema kitu. Nikafahamu kwamba kiapo changu hakimsaidii. Aliyetoa fedha yake kwa ajili ya Allah ana haki ya kujua ilinunua nini.

Amiri hakunifokea. Alisema, "Hatusemi umeiba, ndugu. Tatizo ni kwamba sisi hatujui, na wewe pia hujui." Nikapewa muda hadi muhula unaofuata nieleze au nilipe. Nikaenda likizo nyumbani nikiwa na mzigo huo moyoni.

Nguvu niliyokuwa nikiificha

Hapo kwenye neno "nyumbani" ndipo ilipo habari yangu ya pili, ambayo ilitangulia ile ya fedha. Nyumbani kwetu ni Nakivale, katika wilaya ya Isingiro. Tulitoka Uvira nikiwa na miaka saba, na nimekulia Base Camp. Wanaoijua Nakivale wanajua kwamba makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Mtoto anayekulia pale hujifunza lugha akiwa kisimani na dukani. Mimi nilikuja na Kiswahili na Kifaransa kidogo. Kisomali nilikipata kwa mwalimu wangu wa madrasa na kwa watoto wake. Kinyarwanda nilikipata kwa majirani, Kinyankole sokoni, na Kiingereza shuleni.

Nilipofika Mbarara nilificha yote hayo. Nilipoulizwa kwetu ni wapi, nilisema "upande wa Isingiro", na watu wakanidhania ni mwenyeji. Niliogopa kuitwa mkimbizi. Nilijifunza hata kukibana Kiswahili changu, kisisikike kuwa cha Kongo.

Ninasomea uuguzi. Siku moja tukiwa katika mafunzo wodini, aliletwa mama mmoja aliyevaa kitenge, ameshika tumbo. Nilimsikia akisema, "Docteur, tumbo inaniluma tangu juzi. Nilikunywa dawa ya kwetu, sijue kama ni ile." Muuguzi mkuu akageuka kutuuliza wanafunzi, "Nani kati yenu anajua Kiswahili?" Wenzangu wawili walitikisa kichwa. Mimi nilitazama chati iliyokuwa mkononi mwangu. Nilinyamaza.

Aliyetafsiri baadaye alikuwa mfanyakazi wa usafi, aliyeitwa kutoka korido akiwa bado na ufagio. Kwa rehema ya Allah mama yule alipata nafuu. Lakini kwa muda wote ule aliosubiri, neno kuhusu ile dawa aliyokunywa, ambalo mganga alilihitaji, lilikuwa masikioni mwangu. Nililizuia kwa sababu ya kujionea haya.

Usiku ule nilikumbuka habari ya Jaafar bin Abi Talib (R.A.). Maquraishi walipozidisha mateso Makka, kundi la Waislamu lilihamia Habasha, nao walikuwa wakimbizi kamili: hawana mali, wako katika nchi ya watu, na nyuma yao wajumbe wa Makka wamekuja kumwomba mfalme Najashi awarudishe. Jaafar ndiye aliyesimama kuwasemea. Alieleza walivyokuwa kabla ya Uislamu na Mtume (S.A.W.) alivyowabadilisha, kisha akasoma mwanzo wa Surat Maryam, hata Najashi akalia, na Waislamu wakapewa hifadhi. Jaafar hakuuficha ukimbizi wake. Aliutolea ulimi wake, na kwa ulimi huo watu wake wakasalimika. Mimi Allah alinipa ndimi kadhaa kutokana na maisha yaleyale niliyokuwa nikiyaonea haya, kisha mgonjwa alipouhitaji mmoja wapo nikaufunga.

Nguvu ni amana kama fedha ilivyo amana. Ukiificha kwa mwenye haki nayo, umemzuilia haki yake.

Sanduku lenye kufuli tatu

Nilipofika nyumbani sikumwambia mama siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu ilikuwa siku ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, na akaniomba nimbebee viti. Nikakaa pembeni nikitazama.

Kikundi kina wanawake wasiozidi thelathini, Wakongo, Warundi na Wasomali. Wengine hawajui kusoma. Sanduku lao ni la chuma na lina kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na wanawake watatu tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti aliuliza kwa sauti, "Wiki jana tuliacha ngapi?" Wote wakajibu kwa pamoja kiasi walichokikariri. Sanduku likafunguliwa, fedha zikahesabiwa mbele ya watu, zikalingana. Kisha kila mmoja akaitwa, akaweka hisa zake, na kitabu chake kidogo kikagongwa mhuri kwa kila hisa. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri. Baadaye nilisoma kwamba mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini, na umeenea Afrika nzima.

Jioni nilimweleza mama yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Papa, feza ya watu haiwekwe mu kichwa. Inawekwa mbele ya macho ya watu." Akaendelea kuchambua maharage.

Mama hakuwahi kusoma uhasibu. Lakini alichosema kinakubaliana na Qur'ani. Aya ndefu kuliko zote katika Kitabu cha Allah ni ya 282 ya Surat al-Baqara, nayo inahusu kuandika deni: iandikwe, mwandishi awe mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo mara nyingi katika khitma za Ramadhani. Katika Ramadhani hiyohiyo nilikuwa naandika michango ya futari nyuma ya karatasi za somo.

Maana ya kujihesabu

Wanazuoni wetu wanaita jambo hili muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake. Neno lenyewe ni la hesabu, kama za sokoni. Surat al-Hashr, aya ya 18, inaamrisha kila nafsi iangalie imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akiwausia watu wazihesabu nafsi zao wenyewe kabla ya siku watakayohesabiwa. Palikuwa na mwanachuoni wa Baghdad, al-Harith, aliyefariki mwaka 857, ambaye watu walimwita al-Muhasibi kwa wingi wa kujihesabu kwake.

Ndugu msomaji, tunapofikiri juu ya muhasaba wengi wetu tunafikiria madhambi tu: nimeikosa Alfajiri, nimesengenya. Hiyo ni sehemu yake kubwa. Lakini mfanyabiashara akifanya hesabu huorodhesha pia bidhaa alizonazo dukani, na zile ambazo hana lakini wateja wanaziulizia. Kadhalika Muislamu anapaswa kujua alichopewa, alichopungukiwa, na anachotakiwa kukitafuta. Majibu ya maswali yale matatu ya fomu yanahitaji muhasaba wa namna hiyo.

Udhaifu una njia tatu

Nilipotafuta katika dini yetu nifanye nini na udhaifu nilioujua, nilikuta mifano mitatu.

Njia ya kwanza ni kujifunza. Mtume (S.A.W.) alipohitaji mtu wa kusoma na kuandika barua za Mayahudi, alimwamuru Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi yao. Zaid alikuwa kijana mdogo, wa umri wa wengi wetu au chini yake. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alijifunza kwa nusu mwezi tu. Udhaifu mwingine ni ujuzi ambao bado hujaukalia chini. Kushika daftari la mapato na matumizi ni mojawapo. Kuzungumza mbele za watu, kutumia kompyuta na kupanga muda pia vimo humo.

Njia ya pili ni kutafuta msaidizi. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni alisema wazi kwamba ndugu yake Harun ni fasaha kuliko yeye, akaomba apewe awe msaidizi wake. Habari hiyo imo katika Surat al-Qasas, aya ya 34. Mtume mkubwa kama huyo hakuona aibu kukiri kwamba mwingine anamzidi katika jambo fulani, na ombi lake likakubaliwa.

Njia ya tatu ni kuiacha nafasi. Abu Dharri (R.A.) alimwomba Mtume (S.A.W.) ampe uongozi. Mtume akampiga bega kwa mkono wake, akamweleza kwamba yeye ni dhaifu, kwamba uongozi ni amana, na kwamba Siku ya Kiyama utakuwa hizaya na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na kutimiza wajibu wake. Katika riwaya nyingine alimuusia asiwe kiongozi hata wa watu wawili, wala asisimamie mali ya yatima. Zote mbili zimo katika Sahih Muslim. Na huyu ndiye Abu Dharri ambaye Mtume alimsifu kwa ukweli wa ulimi kuliko watu wengine. Kuwa dhaifu katika mali na uongozi hakukumpunguzia daraja katika ukweli.

Tusisome hadithi hiyo tukadhani kuomba kazi ni vibaya daima. Nabii Yusuf (A.S.) alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja sababu mbili: ni mtunzaji na ni mjuzi. Hiyo ni aya ya 55 ya Surat Yusuf. Sifa alizozitaja ni zilezile ambazo kazi ya hazina inazitaka, naye alikuwa nazo. Mimi nilichukua hazina ya jumuiya bila utunzaji wala ujuzi, na sikutaja hata kimoja nilipoulizwa.

Utazijuaje aibu zako?

Pengine utasema, "Mimi sina tatizo la kukubali udhaifu, tatizo siuoni." Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa Ulumid-Din njia nne za mtu kuzijua aibu zake. Kwanza, akae kwa mwalimu mwenye kuona maradhi ya nafsi. Pili, apate rafiki mkweli mwenye dini, amruhusu amwangalie na kumweleza. Tatu, asikilize wanayosema maadui zake, kwa sababu jicho la chuki halifichi. Nne, achanganyike na watu, na kila baya analoliona kwao ajiulize kama nalo halimo kwake.

Wataalamu wa saikolojia nao wana chombo kinachokaribiana na hayo. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha la vyumba vinne, likaitwa Johari kutokana na majina yao. Chumba cha kwanza ni yale unayoyajua na wenzako wanayajua. Cha pili ni yale wenzako wanayoyaona nawe huyaoni. Cha tatu ni yale unayoyajua nawe unayaficha. Cha nne ni yale ambayo bado hayajulikani kwako wala kwao. Nilipojichorea dirisha hilo, fedha zangu zilizochanganyika ziliangukia chumba cha pili: mwenzangu wa hosteli alisema alikuwa akiona muda mrefu kwamba sijui matumizi yangu, lakini sikuwahi kumpa nafasi ya kuniambia. Lugha zangu ziliangukia chumba cha tatu.

Tahadhari moja: kujijua hakumaanishi kutangaza madhambi yako. Allah akikusitiri, jisitiri na utubie. Unachomweleza rafiki ni kile kinachohitaji kurekebishwa, hasa kinachogusa haki za watu.

Nilichofanya, na unachoweza kufanya

Likizo ile nilibeba magunia katika duka la jirani yetu Msomali. Nilipitia pia ujumbe wote wa malipo kwenye simu, mmoja mmoja, nikapata maelezo ya shilingi 61,000. Zilizobaki 123,000 nililipa kwa kazi ya magunia, na muhula ulipofunguliwa nilizikabidhi mbele ya shura. Nikaomba kuiacha hazina. Aliyechaguliwa ni yule dada wa mandazi, ambaye daftari lake la biashara lilikuwa safi miaka yote. Niliomba niwe msaidizi wake nijifunze, akakubali kwa sharti kwamba kila Ijumaa tuhesabu mbele ya watu wasiopungua watatu. Hivyo ndivyo tunavyofanya hadi leo.

Darasani nilisema ninakotoka. Mmoja alicheka, wengine waliuliza maswali mazuri, siku ikapita. Sasa jina langu liko kwenye orodha ya wanaoweza kuitwa kutafsiri. Tangu mwaka 2005 katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mimi nilikuwa nakinong'ona kama siri.

Ndugu yangu, dada yangu, usisubiri yakufike yaliyonifika. Wiki hii fanya mambo haya:

1. Baada ya Isha, kabla ya kulala, andika mambo matatu unayoyaweza ambayo mtu mwingine amewahi kunufaika nayo. Kama hakuna aliyenufaika, jiulize umeyafungia wapi.
2. Andika jambo moja ulilokubali kulibeba bila kuliweza. Amua njia mojawapo: kujifunza, kutafuta msaidizi, au kuliacha kwa mwenye kuliweza.
3. Mwombe rafiki mmoja mwenye dini akutajie udhaifu wako mmoja. Akisema, mshukuru, usijitetee.
4. Chagua ujuzi mmoja wa muhula huu, uwe mdogo na wa kupimika. Anza na daftari la matumizi yako mwenyewe.
5. Kama una fedha ya mtu au ya jumuiya, itenge na yako leo hii.

Na katika halaqa zetu tujadiliane: Kwa nini huwa rahisi kwetu kusema "insha'Allah" kuliko kusema "siwezi"? Ni nguvu gani tunazozificha kwa kuonea haya tulikotoka? Na tunapochagua viongozi wa jumuiya, je, tunaangalia utunzaji na ujuzi, au sauti nzuri na urafiki?

Namwomba Allah atuoneshe aibu zetu kabla hazijawadhuru wengine, atupe ujasiri wa kuzitumia neema alizotupa, na atufanye wenye kutekeleza amana. Namwomba pia amponye yule mama niliyemnyamazia na amlipe kheri aliyemtafsiria. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.